Siku mbili za trauti kwa msafiri wa Hiace

Swali la msomaji wa Mombasa: "Shikamoo mzee. Tangu utotoni nimevua kwa mshipi baharini, kwa kujifurahisha tu. Agosti shule zikifungwa nitasafiri na mke wangu na kijana wetu wa miaka tisa kwa Hiace tuliyoitoa viti tukaweka kitanda. Tutapita Nairobi, kisha tuzunguke Mlima Kenya. Ningependa tupige kambi siku mbili mahali ambapo naweza kujaribu kuvua trauti, wale samaki wa mito ya baridi, kwa nzi bandia, jambo ambalo sijawahi kulifanya. Rafiki yangu anasema niende juu kwenye milima ya Aberdare. Gari langu linavuta kwa magurudumu mawili tu. Nitafika? Nibebe nini? Na je, kweli nitapata samaki, au huu ni mchezo wa wazungu?"

Marahaba, kijana wangu. Karibu bara.

Nianze na gari, kwa sababu ndilo litakalochagua mto. Rafiki yako hakukudanganya kuhusu Aberdare. Kule juu kwenye nyika ya nyasi, mita 3,000 hivi kutoka usawa wa bahari, kuna mito ya Magura, Karuru, Chania na Gura, na Gura ndio mto ambao mlowezi Mwingereza Ewart Grogan aliutia trauti mwaka 1905, kutokana na mayai yaliyotoka ziwa la Loch Leven huko Scotland. Ni mahali pazuri mno. Lakini barabara za ndani ya mbuga ile zinataka gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, na mvua ikizidi hata hayo hukwama. Hiace yenye kitanda, mapipa ya maji, mtungi wa gesi na mtoto haina shughuli kule. Udongo mwekundu wa Nyeri ukilowa ni sabuni. Gari halizami, linakwenda upande lenyewe kuelekea mtaroni, nawe umeshika usukani kama abiria. Ikiwa moyo umeng'ang'ania Aberdare, acha Hiace Nyeri mjini, ukodi Land Cruiser na dereva wake kwa siku moja. Utalipa, ndiyo, ila utalipa kidogo kuliko gharama ya kuvutwa.

Mimi ningekupeleka Mto Thiba, upande wa kusini wa Mlima Kenya. Ukitoka Nairobi fuata Thika, Kenol, Makutano mpaka Sagana, ukate kulia kupitia Kagio hadi Kutus, kisha upande mlima hadi Kimunye. Utaona mwenyewe jinsi nchi inavyopanda: kwanza kahawa, halafu chai, na chai ikikoma msitu unaanza hapo hapo, kama ukuta. Ndani ya msitu huo kuna Castle Forest Lodge, makao ya tangu enzi za ukoloni, na hapo pana nafasi ya kupiga hema. Ni mita 2,000 na ushei. Kipande cha mwisho ni murramu. Kikiwa kikavu Hiace inapita polepole. Kikiwa kimelowa, mwache mama watoto garini, ushuke utembee hatua mia mbili mbele. Viatu vikirudi vimebeba matope mazito kama tofali, geuza gari ulale Kutus, ujaribu kesho.

Hiace husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo maji na vyombo vizito viweke nyuma, juu ya ekseli. Na ufike kabla ya saa tisa alasiri. Msitu ule ni wa tembo na nyati, nao jioni hutumia barabara ile ile unayoitumia wewe.

Kabla sijasahau: Thiba hii ndiyo inayomwagilia mashamba ya Mwea. Mchele wa pishori mnaoupikia biriani huko Mombasa umekunywa maji haya haya, mkondo ukishateremka kutoka kwa trauti hadi majaruba. Mwambie kijana wako. Watoto hupenda kujua chakula kilikotoka.

Sasa baridi. Hapa nitakawia, maana nimewahi kuwaona wageni wa Pwani wakifika Agosti na shuka mbili. Agosti upande ule hauna mvua kubwa, ila kuna ukungu na manyunyu ya kutwa nzima, na usiku utatamani koti hata ndani ya blanketi. Saa tatu usiku mtu hutazama jiko la makaa alilopikia, huona bado lina moto mzuri, akasema tuliingize garini kidogo tupate joto. Usithubutu. Unaweza kuuona moshi ukakimbia. Gesi ya makaa, kaboni monoksaidi, haionekani wala hainuki, na Hiace iliyofungwa vioo ni chupa yenye kizibo. Mtu hakohoi. Huhisi kichwa kizito na usingizi mtamu, na asubuhi watu wengine ndio hufungua mlango. Kuteremsha kioo kidogo si dawa. Jiko libaki nje, hata likiwa majivu matupu yenye kaa moja.

Joto litafute kwa njia nyingine. Baridi ya gari hutoka chini, kwa hiyo blanketi moja tandika chini ya godoro kabla ya kufikiria la kujifunika. Chemsha maji, yatie kwenye chupa imara ya chuma, ifunike kwa soksi nene, mpe mtoto aikumbatie. Vioo viwili vinavyoelekeana viache wazi upana wa kidole, la sivyo pumzi za watu watatu zitageuka maji na kuwadondokea alfajiri. Chakula nacho kina habari yake: kwenye mwinuko huo maji huchemka kwenye nyuzi kama 93 tu, na maharagwe yatakula mtungi mzima wa gesi. Yapike nyumbani, uje nayo. Vyakula vyote vilale ndani ya gari. Nyani na kima wanajua kufungua zipu ya hema kuliko watoto wa mjini.

Tuje kwenye kuvua.

Ulivyozoea wewe, chubwi ndilo linalobeba mshipi: unazungusha, unaachia, risasi inavuta kila kitu hadi kwenye kina. Hapa nzi hana uzito wowote. Ni manyoya na uzi vilivyofungwa kwenye ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe, ambao ni mnene na huelea, na ufito kazi yake ni kuukunjua hewani mpaka umlaze nzi juu ya maji taratibu. Ukishaelewa hilo, nusu ya mafunzo umemaliza. Nusu iliyobaki ni kusahau nguvu za bahari. Wengi wa Pwani huchapa maji kama wanafua nguo.

Ufito usinunue kabla hujajua kama utaupenda. Azima au kodi. Wa futi saba na nusu hadi nane, wa mshipi wa uzito namba 4, unatosha kwa mito yetu myembamba. Mwisho wa mshipi mnene funga uzi mwembamba usioonekana, urefu wa mita mbili na nusu. Rili iwe yoyote, maana kwa samaki hawa ni mahali pa kuhifadhia mshipi tu. Nzi nao usibebe sanduku zima kama muuza vipuli. Chukua Adams na Elk Hair Caddis namba 14 kwa juu ya maji, Hare's Ear na Pheasant Tail kwa chini, Woolly Bugger mweusi kwa mashimo yenye giza, na Kenya Bug, ambaye jina lake linajieleza. Wawili wawili wa kila aina, kwa sababu matawi yatakula zaidi ya samaki.

Na hapo ndipo ninapokujibu lile la mchezo wa wazungu. Kwa mwanzo wake, ndiyo. Walileta samaki, wakaleta na kanuni zao. Lakini nzi bandia wanaotumiwa kuvulia Ulaya na Marekani, wengi wamefungwa kwa mikono hapa Kenya. Ni kazi ya miaka mingi, ya karakana zenye meza ndefu na taa kali, na wafungaji wengi ni akina mama wanaoweza kumtengeneza Adams bila kumtazama. Ni ajabu kwamba tunawafunga nzi, tunawapakia ndegeni, kisha tunasema kuwatumia si desturi yetu.

Leseni ya kuvua ni lazima, na ruhusa ya msitu ni kitu kingine mbali na leseni. Uliza vyote viwili kambini kabla hujafungua ufito, na malipo ya serikali siku hizi ni ya simu, usitegemee noti. Mito ya trauti ni ya nzi bandia pekee. Minyoo, nyama na ndoana za matawi matatu ziache nyumbani, hata ukimwona mtu wa pale akizitumia.

Mtoni usiende bila mwenyeji. Si kwa ajili ya samaki. Maji yanayoanguka yana kelele, na kelele hizo huziba masikio yako na ya nyati pia, kwa hiyo mnaweza kukutana kwenye kona moja kila mtu akiwa na mshangao wake. Mwongozaji wa kambi anasoma kinyesi na majani yaliyovunjwa. Akisema turudi, mnarudi, hata kama samaki ameruka mbele ya macho yako.

Sasa mpo ukingoni. Jambo ambalo wageni hulikosea siku ya kwanza nzima ni kusimama. Mto ni mwembamba, pengine hatua nne kuvuka, maji ni maangavu, na wewe una koti jekundu, umesimama wima juu ya jiwe kama mnara wa simu. Trauti hukaa ameelekeza kichwa mkondo unakotoka, akingoja chakula kimletewe. Anaona mbele na juu, nyuma haoni vizuri. Kwa hiyo anza chini, upande kuelekea juu, ukimjia kwa mgongoni. Vaa rangi za kichaka. Piga magoti. Suruali iwe ya kuharibika. Hata kivuli cha ufito kikipita juu ya shimo, hesabu kwamba shimo hilo limefungwa kwa nusu saa.

Halafu tazama kabla ya kurusha. Nyuma ya kila jiwe kubwa kuna mahali maji yamepumzika, na pembeni yake maji yanayokimbia. Mstari kati ya hayo mawili, ambapo povu hupita taratibu, ndio barabara ya chakula. Nzi wako akae kwenye povu hilo na aende kwa mwendo wa povu, asiutangulie wala asiburutwe nyuma. Akianza kuchora alama ya mkia kwenye maji, ujue mshipi unamvuta na trauti ameshacheka. Mwinue, mrudishe.

Tatizo lako kubwa Thiba litakuwa miti. Huwezi kuurusha mshipi nyuma ya kichwa, utavua majani tu. Fanya hivi, na umfundishe kijana pia, maana watoto huimudu haraka kuliko baba zao: toa mshipi mfupi, usiozidi urefu wa ufito. Mshike nzi kwa vidole viwili kwenye mkunjo wa ndoana, ncha ikitazama nje. Vuta mpaka ufito upinde kama upinde wa mshale. Lenga. Achia. Nzi ataruka chini ya matawi mpaka kwenye shimo. Miwani kwa kila mtu kabla ya mchezo huu, na kofia. Na kabla ya kutoka kambini, kile kimwiba kilicho ndani ya ndoana kibane kwa koleo mpaka kilale. Ikimchoma mtoto sikio, itatoka ilikoingilia bila kwenda hospitali, na samaki mdogo utamrudisha bila kumchana mdomo.

Samaki akigonga hutasikia kile kishindo cha changu. Utaona tu povu limekatika, au mshipi umesita. Inua kiganja, usivute kwa bega. Nimemwona mgeni aliyezoea kolekole akimtoa trauti majini kwa nguvu hadi akanasa mtini, na ikabidi tumchume kama embe.

Je, utapata? Asubuhi ya kwanza huenda usipate kitu. Asubuhi ya pili, ukikubali kupiga magoti, nadhani utapata wawili watatu, wa urefu wa kiganja na nusu, wa aina ya upinde wa mvua, wenye mstari wa waridi ubavuni. Usitarajie majitu. Maji ya juu ni baridi na chakula ni haba, samaki hawanenepi. Siku mbili si haba kujifunzia, mradi usizipoteze kwa kubadili nzi kila dakika tano.

Wa kurudisha umshike kwa mikono iliyolowa, umuelekeze kichwa mkondo unakotoka mpaka aondoke mwenyewe. Wa kula, kama masharti ya leseni yanaruhusu, mpige kichwani mara moja kwa kipande cha mti, umtumbue hapo hapo. Sioni dhambi kula wawili. Trauti ni mgeni katika mito hii, na visamaki vidogo vya asili pamoja na wadudu wameumizwa naye. Magamba yake ni madogo hivi kwamba huna haja ya kumpara. Chumvi, ndimu, kitunguu saumu tumboni, kipande cha samli, mfunge kwenye karatasi ya fedha na umlaze juu ya makaa dakika tano kila upande. Nazi usimtie. Najua utabisha, lakini nyama yake ni laini na tui litaifunika ladha yote.

Viatu: gambuti zinatosha kwa ukingoni. Mtoto asiingie majini hata kidogo, mawe yale yana utelezi wa kijani na maji yanakata pumzi. Wewe ukiingia, usivuke magoti.

Na ufunguo wa gari. Mwaka mmoja niliingia Chania na ufunguo wa rimoti kwenye mfuko wa suruali. Niliteleza, nikazama hadi kifuani, nikatoka nikicheka. Gari halikucheka. Taa zilimulika mara moja, kisha kimya, na tulikuwa mbali na mji, ufunguo wa pili uko nyumbani kwenye droo ya kabati. Tulilala humo watu wawili viti vya mbele, tumevaa kila kilichokauka, hadi mtu alipouleta siku ya pili saa nane mchana. Tangu siku hiyo ufunguo wangu hukaa kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, na kikopo anacho asiyevua. Kwenu nadhani ni mama watoto.

La mwisho ni rangi ya mto. Manyunyu hayana shida, lakini mvua ikipiga huko juu usiku, Thiba inaweza kuchafuka na wewe kambini hukusikia hata tone. Siku moja kabla ya kukata kona ya Sagana, piga simu kambini. Usiulize kama hali ya hewa ni nzuri, watakwambia ni nzuri. Uliza kama mto leo ni strungi au chai ya maziwa. Ukiwa strungi, yaani unaona mawe chini hata kama maji yana rangi, njoo. Ukiwa chai ya maziwa, pitilizeni hadi Embu, Chuka na Meru kama mlivyopanga kuzunguka mlima, na mkifika Nanyuki ulizeni tena swali hilo hilo, maana mto wa pale nao una trauti.